Kabla ya grainda kulikuwa na tupa



Kijana mmoja wa Karatu ameniletea ujumbe mrefu. Anasema amemaliza kidato cha nne, hana ajira, na kwa muda mrefu amekuwa akiwatazama wahunzi wa Kidatoga wanaofua sime, visu na mishale kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Sasa anataka kutengeneza visu yeye mwenyewe. Mkaa anajua pa kuupata. Chuma anacho, springi mbili za Land Rover iliyokufa zamani. Kinachomsumbua ni chombo cha kuchongea na kunolea. Rafiki mmoja anamshauri akope fedha anunue mashine ya mkono ya umeme, ile yenye sahani inayozunguka, ambayo mafundi wanaiita grainda. Mwingine anamwambia atafute mota ya mezani yenye mawe mawili. Yeye ana fedha kidogo, na anauliza aanze na kipi.

Nitamjibu, lakini nitapita njia ya historia, kwa sababu swali lake ni la zamani kuliko umeme, na waliolijibu kabla yetu wengine walilipa kwa mapafu yao.

Historia tunayosoma humsifu mtu wa moto. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma cha pua miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, jambo ambalo wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walilitangaza kwa ulimwengu mwaka 1978. Tunaambiwa kuhusu matanuru marefu ya Ufipa na ukoo wa Washana kule Upare. Tunaambiwa kwamba katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika juu ya chuma cha Malindi na Mombasa. Yote hayo ni fahari yetu. Lakini je, umewahi kusoma ukurasa mmoja unaomsifu mnoaji? Chuma kinapotoka kwenye fuawe hakijawa kisu. Ni kipande chenye umbo la kisu, kinene, chenye magamba meusi, kisichoweza kukata hata nyanya. Muulize fundi yeyote wa visu, atakwambia kwamba sehemu kubwa ya siku yake haiishii motoni, inaishia kwenye kusugua.

Na kijana wetu anaishi mahali panapofaa sana kujifunza habari hiyo. Olduvai iko ndani ya Ngorongoro, mwendo wa saa chache tu kutoka Karatu kwa gari. Zana za mawe zilizofukuliwa pale, zile za tabaka za chini kabisa, zina umri unaokaribia miaka milioni mbili. Ukizitazama vizuri utaona kwamba hazikunolewa hata kidogo. Ziligongwa. Mtu wa kale aligonga jiwe kwa jiwe, kibanzi kikaruka kikiwa tayari na makali, akakitumia kuchunia nyama, kilipokuwa butu akakitupa na kugonga kingine. Wembe wa bure, wa kutumia na kutupa, na hapakuwa na gharama ya kinoo.

Kusugua kulikuja baadaye sana. Mwaka 1941 Mary Leakey, yuleyule ambaye mwaka 1959 aliokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, alichimba makaburi ya kale ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wafugaji waliozikwa humo walikuwa na mabakuli yaliyochongwa kwa mawe. Bakuli la jiwe haliwezi kugongwa tu likatokea. Lazima lisuguliwe siku baada ya siku. Hapo kanuni yote ya kazi ya kijana wetu ilikuwa imekwisha kupatikana: kitu kigumu chenye chembe kali, maji, na muda. Mashine zote zilizofuata zimejaribu kupunguza hicho cha tatu.

Watu wa pwani waliijua kanuni hiyo kwa namna yao. Karatasi ya kusugulia tunaiita msasa, lakini msasa kwanza ni mti, wa jamii ya mtini, wenye majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi seremala walisugulia majani hayo kabla karatasi ya dukani haijafika, na ilipofika ikarithi jina.

Sasa turudi bonde la Eyasi. Mhadzabe hahitaji tanuru kupata kichwa cha mshale. Huchukua msumari mrefu wa dukani, akaugonga ukiwa baridi juu ya jiwe mpaka upapate. Msumari hukubali kugongwa hivyo kwa sababu una kaboni kidogo sana. Ni chuma laini. Kwa sababu hiyohiyo hauwezi kutoa kisu cha maana: ungekinoa asubuhi, na mchana kingekuwa butu. Ndiyo maana kwa kisu Mhadzabe humwendea mhunzi wa Kidatoga, na tangu zamani malipo yake yamekuwa asali na mazao mengine ya porini.

Huyo mhunzi wa Kidatoga ana nini? Viriba viwili vya ngozi ya mbuzi vya kuvutia upepo, kipande cha chuma kizito cha kufulia, nyundo, koleo, na tupa. Karakana nzima unaweza kuibeba begani. Na ingawa kila mtu alihitaji makali yake, hakupewa heshima. Miongoni mwa Wadatoga, wahunzi walikaa kando na koo nyingine hazikutaka kuoana nao. Wamasai nao waliwafanyia hivyohivyo wahunzi wao, wale wanaoitwa il-kunono. Sime uipokee kwa mkono wa kulia, binti wa aliyeifua usimtake. Hilo ni somo la siku nyingine, lakini nimelitaja ili tujue kwamba kazi hii haikudharauliwa kwa kuwa haina faida.

Katika karakana hiyo, chombo kinachonivutia ni tupa. Kwa karne nyingi, huko Ulaya na kwingineko, tupa ilitengenezwa kwa mkono: fundi alipiga jino moja baada ya jingine kwa patasi na nyundo, mamia kwa mamia, juu ya kipande cha chuma laini, kisha akakikaza kwa moto na maji. Mwaka 1864 huko Providence, Marekani, William Nicholson alianzisha kiwanda cha kuzikata tupa kwa mashine, na bei ikaanza kuwa ya mtu wa kawaida. Tupa ina kaboni nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia moja, kiasi kwamba ikishachakaa wahunzi huigeuza kuwa kisu. Nitajie mashine nyingine ambayo ikifa unaweza kuiuza kwa mchinjaji.

Lakini watu walitaka haraka, na haraka ilikuwa jiwe la kuzunguka. Katika mji wa Thiers, Ufaransa, wanoaji walifanya kazi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya mbao, pua ikiwa juu ya jiwe lililozungushwa na maji ya mto Durolle, na mbwa wao wakawalalia miguuni kuwapa joto. Picha za watu hao na mbwa wao zipo. Huko Sheffield, Uingereza, mji ambao visu vyake vimefika mpaka jikoni kwetu, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mawe yao yalikuwa ya mchanga mgumu, yaliyojaa chembe za kwatzi. Baadhi ya kazi zilinolewa kwa jiwe lililolowa, nyingine, kama uma za mezani, kwa jiwe kavu. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya wafanyakazi wa Uingereza, anamtaja daktari Knight wa mji huo, aliyeona kwamba wanoaji wa jiwe kavu kwa kawaida hawakufika umri wa miaka 35, na wale wa jiwe la maji mara chache walipita 45.

Tuitazame tofauti hiyo ya miaka kumi. Ni mji uleule, kazi ileile. Miaka kumi ya uhai ilikuwa ndani ya ndoo ya maji.

Katika miaka ya 1820 mtu mmoja wa Sheffield, J. H. Abraham, alibuni chombo chenye sumaku cha kunasa vumbi la chuma kabla halijamfikia mnoaji. Kilisifiwa, lakini wanoaji hawakukipenda. Engels anaeleza kwamba kuna waliovunja vifaa vya kinga makusudi, wakihofia kwamba kazi ikiwa salama watu wengi wataikimbilia na ujira utashuka. Mimi naona waliogopa njaa kuliko kifua, na sidhani kwamba mawazo hayo yamekwisha duniani; pita kwenye karakana yoyote ya kuchomelea mageti mjini ukahesabu wangapi wamefunika pua. Isitoshe, sumaku hunasa chuma, haiwezi kunasa mchanga. Kilichokuwa kinawaua ni vumbi la jiwe lenyewe, lile linaloganda ndani ya pafu na kulifanya kovu. Vijana wanaochimba tanzanite kule Mererani wanapambana na vumbi la jamii hiyohiyo.

Nafuu ilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akichanganya udongo na makaa ya koki na kuvipitishia umeme mkali, alipata chembe ngumu zinazong'aa. Akaziita karborandamu. Mwanzoni aliziuza kwa karati, kama vito, kwa mafundi wa kung'arisha almasi. Mwaka 1895 akahamia Niagara penye umeme mwingi, na bei ikashuka. Kile kinoo cha kijivu chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, asili yake ni huko. Mawe ya viwandani yalipochukua nafasi ya mawe ya mchanga, vifo vya wanoaji vilipungua sana.

Ndipo ikaja grainda. Kampuni ya Kijerumani iliyokuja kujulikana kwa jina la Flex ilitoa grainda ya mwendo kasi mwaka 1954. Hii ya kawaida tunayoiona leo ina sahani ya inchi nne na nusu na huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Nimepiga hesabu: ukingo wa sahani hiyo unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao hakuna basi la Arusha litakalouthubutu, hata likiwa limechelewa.

Mwendo huo ndio sifa yake na ndio hatari yake kwa mwanafunzi. Kwanza ni joto. Bapa la kisu ambacho kimekwisha kukazwa likipata moto wa nyuzi 220 hivi hugeuka rangi ya majani makavu, na hapo bado ni zuri. Likiendelea huwa kahawia, halafu zambarau, na likifika karibu nyuzi 300 huwa buluu. Buluu hiyo inapendeza macho, lakini pale ilipotokea makali yamekwisha legea, na kuyanoa tena hakuyarudishi. Fundi mzoefu ana ndoo ya maji karibu na huchovya kila baada ya sekunde chache. Mwanafunzi bado anafurahia cheche. Pili, grainda hula chuma upesi kuliko akili ya mwanafunzi inavyofikiri. Kosa la tupa linaweza kurekebishwa, kosa la grainda ni shimo. Tatu ni kuvunjika kwa sahani. Ile nyembamba imetengenezwa kwa kukatia, si kusugulia kwa ubavu, na wengi wetu tumeona karakana ambamo kinga ya mashine imefunguliwa na kutupwa pembeni kwa kuwa eti inasumbua. Kipande cha sahani kikiruka kwa mwendo nilioutaja, kinakwenda kwenye uso.

Mota ya mezani ina nafuu. Ile ya jiwe la inchi sita huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, na ukingo wake hauendi hata nusu ya mwendo wa grainda. Ina uzito, inasimama mahali pamoja, na mikono yote miwili iko huru kushika kisu. Lakini kabla ya kufunga jiwe jipya, lining'inize na uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kikombe kizima, lifunge. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, lirudishe dukani.

Basi jibu langu kwa kijana wa Karatu ni hili. Asikope. Kabla hajauliza bei ya mashine aulize bei ya kile inachokula, na kinapatikana wapi. Grainda hula sahani na umeme. Mashine ya mkanda, ambayo wataalamu wa nje huisifu kuliko zote, hula mikanda ya msasa, na mikanda hiyo akiikosa Arusha ataifuata Dar es Salaam. Tupa hula mkono. Kwa sehemu ndogo tu ya bei ya grainda atapata tupa bapa ya inchi 12 yenye meno makali, nyingine ndogo ya meno laini, kinoo cha pande mbili, na karatasi kadhaa za msasa. Aongeze jiliwa, ambalo mafundi wengi wanaliita vaisi, hata liwe kuukuu, au afunge ubao imara kwenye mti na kibano cha skrubu. Tupa isukumwe mbele tu, irudipo inuliwe. Akipaka chaki kwenye meno, unga wa chuma hautaganda. Kisu cha kwanza kitamchukua siku nzima, pengine mbili.

Najua atauliza: nikikaa siku mbili na kisu kimoja nitakula nini? Ni swali la haki. Madukani vimejaa visu vya kiwandani vya bei ya kutupa, na hakuna tupa wala grainda itakayomwezesha kushindana navyo kwa bei. Lakini visu hivyo vyote vina tabia moja: vinakuwa butu. Karatu ina mabucha, ina mnada, ina wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, na ina hoteli na kambi zilizojipanga kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro, kila moja na jiko lake na wapishi wanaolalamika. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ningeongeza kwamba mwenye kinoo humdai senti kila mla nyama. Kwa hiyo chombo cha pili cha kununua, baada ya tupa, kiwe jiwe la kuzungushwa kwa pedali, lililofungwa kwenye baiskeli kama la wale wanoaji wanaopita mitaa ya Dar es Salaam. Halihitaji umeme. Mwendo wake wa polepole si rahisi kuunguza makali, na chupa ya maji inayodondosha tone tone inatosha kulaza vumbi. Litamlisha tangu wiki ya kwanza kwa kunoa visu vya wengine, na katika kunoa huko ataona kisu kipi kinashika makali, kipi kimefanywa kinene mno mgongoni, na mchinjaji anapenda umbo gani. Shule hiyo hailipiwi karo.

Mota ya mezani ije visu vyake vitakapokuwa vinaulizwa kwa jina. Grainda nayo ina kazi yake, ya kukatia springi vipande na kuondoa unene mkubwa kabla chuma hakijakazwa, lakini kazi hiyo anaweza kumlipa fundi wa mageti aliye jirani akaimaliza kwa dakika kumi. Hakuna haja ya kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa. Na siku akiinunua, anunue pamoja na miwani na barakoa ya kuchuja vumbi, na avitumie.

Kuhusu zile springi mbili za Land Rover, ana bahati. Karatu haijapungukiwa chuma cha namna hiyo. Walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani katika miaka ya 1920, halafu baada ya Vita Kuu ya Pili kikaja kilimo cha ngano kwa matrekta, na katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima wa Kiiraqw wenyewe wakawa na matrekta yao. Kisha ukaja msafara wa magari ya watalii usiokatika. Kila kizazi kimeacha mabaki yake ya majembe ya sahani na springi, na chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kisu.

Ila tupa haiingii kwenye springi kama ilivyotoka garini, maana imekwisha kukazwa kiwandani. Aanze na ile nyembamba. Aipashe jioni mpaka iwe nyekundu kiasi kwamba sumaku haiishiki tena, aizike kwenye pipa la majivu makavu, na asiiguse mpaka asubuhi. Ikipoa kabisa ajaribu tupa kwenye pembe. Ikiwa meno yanang'ata na kutoa unga, aanze kuchonga. Ikiwa tupa inateleza na kulia, airudishe motoni, na safari hii aongeze majivu.